Amani Analia Bondeni

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekaa?

— Tumekaa!

Mmekaa kweli?

— Tumekaa kweli!

Haya, inukeni kidogo, maana hii si hadithi ya kukaa.

Kwanza kabisa, naomba radhi. Hadithi hii nitaiharibu. Naijua vizuri, ila miguu yangu haijui kutulia, na mdomo wangu hufuata miguu. Mahali pa kutembea nitaruka, mahali pa kukimbia nitasimama nijikune, na pakifika pa kulia huenda nikawachekesha, mkaniona sina adabu. Mtanisamehe. Msiponisamehe nitasimulia vilevile, kwa sababu nimeshasimama na kanzu nimeshaipandisha.

Na mnisaidie kitu kimoja. Nikisema "Ngao!" nyinyi semeni "Juu!" Tujaribu. Ngao!

— Juu!

Yule bwana wa nyuma kasema "Chai." Chai baadaye, bwana. Ngao!

— Juu!

Basi hapo zamani, kabla uongo haujaota meno, paliondokea nchi mbili zinazopakana. Moja iliitwa Utuvuni. Watu wake walikuwa wametulia mpaka kuku wao walitaga bila kupiga kelele. Ya pili iliitwa Vurumaini. Hiyo sina haja ya kuieleza.

Huko Utuvuni alikuwako mama mmoja, Bi Sikudhani, mkaanga vitumbua. Katika nchi nzima ya watu waliotulia, yeye peke yake hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatoka. Akitoka, anarudi kuuliza alitoka kufanya nini. Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza Mshamu, kijana wa jeshi la mfalme. Askari wa Utuvuni hawakubeba mikuki, walibeba ngao tu, kila ngao kubwa kama mlango, basi na wenyewe wakaitwa Ngao. Wa pili Mize, binti aliyeolewa Vurumaini, kwenye kijiji cha bondeni, na siku hizo tumbo lilikuwa mbele na yeye nyuma.

Sasa mfalme wa Vurumaini akafa. Akaacha kiti kimoja na watoto wawili wa kiume, Shekue na Kitwana.

Shekue akasema, "Mimi mkubwa."

Kitwana akasema, "Mimi mwerevu."

Watu wao wakasema, "Sisi tuna mikuki."

Vita vikawaka. Nyumba zikachomwa, masoko yakachomwa, na kila kukicha kina mama wakawa wanavuka mpaka kuja Utuvuni, watoto mgongoni, vyungu vitupu kichwani. Bi Sikudhani kila akisikia wameingia watu, mbio mpakani na unga mikononi.

"Jamani, mmemwona Mize wangu?"

"Hatukumwona."

Akija wa pili. "Mmemwona Mize wangu? Mwembamba, ana mwanya."

"Hatukumwona, mama."

Akija wa tatu. "Mmemwona Mize?"

"Tulimwona. Amekwama kwa mkwewe. Kijiji chao kiko katikati: Shekue juu ya mto, Kitwana chini ya mto. Hawezi kukimbia, tumbo zito."

Bi Sikudhani akarudi nyumbani. Vitumbua vya siku ile nchi nzima iliviona vyeusi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mfalme wa Utuvuni akaita baraza. Jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Watu walimwita Mfalme Tutaona, kwa kuwa jibu lake lilikuwa hilo. Mvua itanyesha? Tutaona. Mke wako kajifungua, mtoto gani? Tutaona.

Bwana Pandu akasimama, mtu wa sauti na tumbo la kuibeba. "Tupeleke Ngao! Wale tumeoana nao, tumeuziana chumvi, tumezikana. Leo wanachinjana na sisi tunakunywa uji?"

Bwana Faki akasimama, mkavu kama muwa uliokwisha kutafunwa. "Uji unaunywa wewe. Ngao ni watoto wa watu. Wewe Pandu huna mtoto, huna mjukuu, hata paka wako alihama."

Baraza likacheka.

"Paka wangu hakuhama," akasema Pandu, "alisafiri!"

"Nisikilizeni," akasema Faki, na sasa hakuwa akichekesha. "Tukienda, Shekue atasema tumemjia yeye. Kitwana atasema tumemjia yeye. Wataacha kupigana wao kwa wao, watupige sisi. Tutawazika wangapi?"

"Na tusipokwenda?" Pandu akajibu, na yeye sauti imeshuka. "Wale wanawake wa vyungu vitupu, kesho wakituuliza tulikuwa wapi, nani kati yetu atajibu? Utajibu wewe, Faki?"

Wote wakamgeukia mfalme. Mfalme akasema...

Semeni nyinyi, mnamjua.

— Tutaona!

Ehee. Halafu mfalme akaona mtu mmoja tu amesimama mlangoni, wengine wote wamekaa.

"Bi Sikudhani, kaa."

"Siwezi, Mfalme wangu."

"Basi sema. Wewe una mtoto huku na una mtoto kule. Waende au wasiende?"

Baraza zima likageuka. Bi Sikudhani akamwona Mshamu pembeni na ngao yake. Akamwona Mize kwa macho ya moyoni, na tumbo lake. Akasema, "Waende." Neno halijatua, akasema, "Wasiende." Kisha akasema, "Nimeacha vitumbua motoni," akatoka mbio. Na moto siku ile hakuuwasha kabisa.

Basi baraza likafanya kama mabaraza yote. Pandu akapewa safari. Faki akapewa masharti. Ngao arobaini wataenda, ila wataapa. Na kiapo cha Utuvuni si mchezo. Huapa kwa mafiga ya mamake mtu. Ukikivunja, wazee wanakwenda kwenu, wanang'oa mafiga matatu jikoni kwa mama yako, na tangu siku hiyo hakuna mtu atakayekula alichopika.

Kiapo kikatungwa na Bwana Faki mwenyewe: "Nitalinda amani. Kisicho amani sitakigusa."

Ngao arobaini wakaapa. Mfalme akafurahi. Pandu akafurahi. Faki akafurahi zaidi.

Asubuhi ya safari Bi Sikudhani akamzuia amiri wao, Amiri Subeti, mtu mnyoofu, mpaka kivuli chake kilitembea kwa mstari.

"Nani atawapikia hawa?"

"Watajipikia, bibi. Jeshi haliendi na mwanamke."

"Mshamu wangu akichemsha maji yanaungua. Utakula nini, ngao?"

Amiri akafikiri. Alipomaliza kufikiri, Bi Sikudhani alikuwa ameshawatangulia njiani, upawa begani kama bunduki.

Ngao!

— Juu!

Wakafika kwenye kilima cha Vurumaini. Chini yao bonde, kijiji, kisima. Huku moshi, huku moshi, katikati watu wanakimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Amiri Subeti akaweka mkono juu ya macho, akatazama.

"Ngao, mnaiona amani?"

"Hatuioni, Amiri."

"Tazameni vizuri."

"Hatuioni kabisa, Amiri."

"Basi kaeni. Ikitokea tutailinda."

Wakakaa. Ngao!

— Juu!

Hapana. Chini. Hapo walikuwa wamezilaza chini, wamezikalia, wanatafuna mahindi ya kuchoma. Soko dogo la bondeni likachomwa mbele ya macho yao, na kilio kikapanda kilimani, na Ngao arobaini wakawa wanatazama vidole vya miguu yao.

Bi Sikudhani akawa anazunguka kilima kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Amiri, watu wanauawa!"

"Naona, bibi. Lakini yale ni mauaji. Sisi tumeapa amani."

Akamrukia mwanawe. "Mshamu! Dada yako yuko nyumba ile ya pili kutoka kisimani!"

Mshamu akaishika ngao yake, akaiachia. "Mama, nikivunja kiapo, wewe ndiye utakayeng'olewa mafiga."

"Waje wang'oe! Mafiga ni mawe!"

"Na mama yake Vuai? Na mama yake Subeti?" Vuai alikuwa rafiki yake, amekaa ubavuni, kijana wa vichekesho ambaye siku ile hakuwa na hata kimoja. "Nikishuka mimi, Mama, watashuka wote. Nivunje majiko arobaini?"

Bi Sikudhani akamtazama. Akashika upawa wake, akashuka peke yake. Yeye hakuapishwa. Nani humwapisha mpishi?

Akapita kwenye moshi, akapita kwenye mishale, akapita juu ya mbwa aliyelala akidhani mambo hayamhusu. Akaingia nyumba ya pili kutoka kisimani. Amkute nani? Mize sakafuni, anauma kanga. Na mkwewe, Bi Fikirini, bibi mfupi mwenye hasira ndefu, amemshika mabega.

"Mkwe," akasema Bi Fikirini, "umekuja bila kupiga hodi."

"Nitapiga nikitoka. Maji ya moto yako wapi?"

Mshale ukapita dirishani, ukakaa ukutani ukitetemeka. Mtoto akatoka, akalia, wa kike, mzima, vidole vyote. Mabibi wawili wakacheka, wakalia, wakakumbatiana. Halafu, kama ada, wakaanza kugombana.

"Jina ni letu," akasema Bi Fikirini. "Mtoto wa kwanza jina hutoka kuumeni. Ataitwa Mwanamvua, jina la marehemu mama yangu."

"Jina zuri, mkwe. Lakini..."

Mshale wa pili. Huu ukatoboa chungu.

"Hakuna lakini. Mila ni mila."

"Mila mnazo. Ukuta mnao?" Maana mshale wa tatu ulikuja na moto, na makuti yalishaanza kushika. Bi Sikudhani akatazama dari. Akatazama kilima kupitia mlangoni, na pale kileleni zile ngao zimelazwa. Miguu yake ikatulia. Jamani, mara ya kwanza katika maisha yake, miguu ya Bi Sikudhani ikatulia.

"Mkwe," akasema polepole, "hilo jina nikopeshe. Mtoto wa pili aitwe Mwanamvua, wa tatu Mwanamvua, wote waitwe Mwanamvua. Huyu mmoja niachie mimi."

"Umwite nani?"

Kila mtu kule anajua kwamba jina hutamkwa mara tatu mlangoni, kwa sauti ya kufika kwa jirani, na likishatamkwa halirudi. Bi Sikudhani akamnyanyua kichanga, akapanda juu ya kinu mlangoni, akajaza kifua:

"Jina lake Amaniii! Jina lake Amaniii! Jina lake Amaniii!"

Sauti ikafika kilimani. Hindi likabaki nusu mdomoni mwa Vuai.

Mshamu akasimama. "Amiri. Nimeiona."

"Umeona nini?"

"Amani. Iko kule bondeni, inalia."

Amiri Subeti, mtu mnyoofu, akakunja uso. "Ni iko, au ni yuko?"

"Amiri, ukipenda iko, ukipenda yuko, nyumba inaungua!"

"Tulisema, 'Nitalinda amani.' Hatukusema ya namna gani." Akakuna kidevu, na kwa mara ya kwanza kivuli chake kikapinda. "Ngao!"

— Juu!

Ngao!

— Juu!

Ngao!

— Juu!

Hapo sasa! Wakateremka kama mafuriko, milango arobaini inakimbia. Wakaizunguka nyumba, wakazima moto, wakatengeneza ukuta wa ngao. Watu wa Shekue wakaja, wakagonga, wakarudi. Watu wa Kitwana wakaja, wakagonga, wakarudi. Ndani, Mize akamnyonyesha mwanawe, na Bi Fikirini akasema, "Jina baya. Ila lina vijana wazuri."

Nyie, habari hiyo isienee? Asubuhi yake mzee mmoja akaja amebeba mtungi. "Kisima chetu tumekibadilisha jina. Kinaitwa Amani." Ngao watano wakaenda kisimani. Akaja mganga: "Nyumba yangu ya wagonjwa inaitwa Amani." Ngao sita. Akaja bwana mmoja mkorofi ambaye tangu azaliwe aliitwa Matata: "Mimi naitwa Amani." Wakamtazama. "Nimeokoka!" Ngao mmoja, na huyo mmoja alimlinda Matata na majirani zake.

Kisha wakaja wajane wawili wakivuta mbuzi. Maziwa ya watoto wa kijiji kizima yalikuwa yanatoka kwa mbuzi yule, maana wengine wote walikwisha kuliwa na wapiganaji. Bi Sikudhani mwenyewe akapanda kinu, akatamka jina mara tatu. Mbuzi Amani. Akatazama huku na huku, waliobaki ni wachache.

"Nani atamlinda mbuzi?"

Vuai akanyoosha mkono, akicheka. "Mimi. Mama yangu ataringa: mwanangu mlinzi wa mbuzi wa kimataifa!"

Hapa ningependa kuruka, jamani. Mguu wangu unataka kuruka. Lakini sitaruka. Wenye njaa walikuja kumchukua yule mbuzi. Vuai hakuwa na mkuki, alikuwa na ngao, na ngao ni moja na mtu ana pande mbili. Hakuondoka pale. Walipofika wenzake, mbuzi alikuwa mzima, amesimama, analamba uso wa Vuai.

Bi Sikudhani alimwosha marehemu kwa mikono yake, maji ya kisima cha Amani. Siku ile hakuna jina lililotamkwa juu ya kinu.

Lakini Shekue alikuwa amepata fikra. Akasema moyoni, "Kama mbuzi analindwa, mimi je?" Akaja na kundi lake. "Mama, nitamkie. Mimi ni Amani." Alitaka Ngao wamzunguke, kisha yeye ndani ya ukuta huo ampige ndugu yake.

Bi Sikudhani akamtazama kwa macho makavu. Akapanda kinu, akatamka mara tatu. "Ngao! Mlindeni!"

Kitwana akasikia, akaja mbio na povu. "Yeye Amani? Yeye? Basi na mimi Amani!"

"Nikutamkie?"

"Tamka!"

Akatamka mara tatu. Nusu ya Ngao wakamzunguka Shekue, nusu wakamzunguka Kitwana. Akasogea huyu kumpiga yule, ngao mbele. Akasogea yule kumpiga huyu, ngao mbele.

Shekue akapiga kelele kwa watu wake, "Mpigeni Amani!"

"Yupi, bwana?"

"Yule Amani wa pale!"

"Lakini na wewe si Amani? Na nikikosea?"

Kitwana naye, "Muueni Amani!"

Watu wake wakatazamana. Mmoja akasema, "Binti yangu aliyezaliwa juzi anaitwa Amani." Wa pili akasema, "Ng'ombe wangu." Wa tatu akasema, "Mke wangu, kaanza jana." Mikuki ikashuka mmoja mmoja, siyo kwa wema, kwa kuchanganyikiwa. Wakakaa chini kuulizana nani ni nani, jioni ikaingia, njaa ikauma, ukapikwa uji, na watu wakishakula sufuria moja ni kazi kubwa kukumbuka nani aanze kuchoma nyumba ya nani. Kile kiti cha mfalme aliyekufa, Bi Fikirini akakipasua kuni. Ndugu wawili wakatandikiwa mkeka mmoja, na Ngao katikati.

Vita vikaisha. Pigeni makofi!

— ...

Kidogo hivyo? Haya, mnanijua.

Amiri Subeti akasema, "Tumemaliza. Turudi nyumbani." Ngao wakapanga mstari. Wakapiga hatua ya kwanza. Shekue akamtupia Kitwana jicho. Ngao wakasimama. Jicho likashuka. Wakapiga hatua tena. Kitwana akaokota jiwe. Wakasimama. Jiwe likaanguka.

Mshamu akasema kwa sauti ndogo, "Amiri, tuliapa kulinda amani. Amani ndiye huyu. Na yule. Na kisima. Na nchi nzima."

"Mpaka lini?"

"Kiapo hakikusema."

Basi nani akarudi? Mpishi. Bi Sikudhani akarudi Utuvuni peke yake, akaingia barazani, na wote wamekaa. Mfalme akamuuliza, "Vipi? Tulifanya vyema kuwapeleka?"

"Mfalme wangu, mliniuliza siku ile nikakimbia. Leo nitajibu. Nina watoto wawili, wote wazima. Nina mjukuu, mzima. Na nyumbani kwangu hakuna hata mmoja."

Pandu akasema, "Unaona? Wazima!"

Faki akasema, "Unaona? Hakuna hata mmoja!"

Wakaanza tena. Hapo akasimama mama yake Vuai, Bi Rehani, msiba umeshamfikia, na wote wawili wakakaa.

"Yule mbuzi," akasema, "yupo?"

"Yupo, dada. Watoto wanakunywa maziwa yake. Na mjukuu wangu, Mize akikosa ya kumtosha, anakunywa."

Bi Rehani akatikisa kichwa polepole. Hakusema vyema, hakusema vibaya. "Nipelekeni nikamwone," akasema, akachukua kanga yake. Bi Sikudhani, ambaye hata hakuwa amekaa, akamshika mkono, wakatoka.

Mfalme akainama mbele. "Na wale vijana waliobaki kule na kiapo chao, watarudije?"

Pandu akamtazama Faki. Faki akamtazama Pandu. Baraza lote likatazama dari.

Na mimi nimetazama dari pamoja nao, kila nikisimulia. Hapa ndipo hadithi ilipokatikia, kamba ni hii mkononi mwangu, ng'ombe hayupo. Palipokuchekesha, nenda napo kwako, kagawane na majirani. Na kama unawaulizia wale vijana, usimlaumu Pandu, usimlaumu Faki, na mfalme wa watu mwache na yake. Niliyewatoa kwao ni mimi, kwa mdomo huu huu, nikawavusha mpaka, nikawashusha kilima kwa kelele, na nyinyi mkaitikia "Juu!" kwa sababu niliwaambia muitikie. Ni mimi niliyeianza hadithi ya kwenda bila kujifunza ile ya kurudi.